Hukugeuza Jani, Fundi

Fundi Selemani,

Nimejua miche yako ilikuwa inaumwa nini. Haikuwa kiu. Narudia ili unisikie vizuri huko uliko: haikuwa kiu, na nilikuambia.

Ulipopata habari kwamba siku hizi huku ugenini mtu mzima anaruhusiwa kupanda bangi nyumbani kwake, ukaniita hapa kwenye fleti yako ya Joubert Park tupange ndoo nne kwenye roshani, nyuma ya pazia. Ulisema unaitaka kwa ajili ya mgongo. Baada ya miaka yote ile juu ya cherehani, nani angekutilia shaka? Hatukuwahi kuipanda, si wewe si mimi. Majani yakaanza kuwa ya njano, ukamwaga maji. Yakazidi, ukaongeza maji. "Eish, Zuhura, ni kiu tu, usinipe presha." Nami sikuwa na akili zaidi yako, nikaweka mbolea nyingi, ncha za majani zikaungua. Jirani akaleta dawa ya mende. Hapo tu ndipo tulipokubaliana, maana kitu utakachokuja kukivuta hukipulizii sumu ya mende.

Baada ya arobaini yako nilizimwaga ndoo. Mbili hazikuwa na tundu hata moja chini. Udongo ulikuwa tope linalonuka, mizizi imeoza. Miche hiyo miwili imekufa. Iliyobaki ilikuwa na vidoa vyeupe juu ya majani, vidogo kama vya kuchomwa pini. Nikachukua ile lenzi yako ya kufumulia uzi mweusi, nikageuza jani. Utitiri. Wadogo kuliko vumbi, wanatembea, na wameshafuma utando kwenye vikonyo.

Upande wa chini, Fundi. Wewe ambaye kila nguo niliyokuletea hukuitazama mbele, uliigeuza kwanza. "Nje kila mtu anashona. Nionyeshe ndani." Suruali moja ulinifumulisha mara tatu, wateja wakiangalia. Halafu miezi yote ile hukugeuza jani hata moja.

Lakini si majani yaliyonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita Mama Rehema, mkeo, aliniomba nipige pasi koti lako la kijivu alitume Morogoro kwa kaka yako. Nikaligeuza, kama ulivyonifundisha. Kwenye bitana kulikuwa na mfuko ambao sikuwahi kuuona, umeshonwa kwa mkono, mshono wako. Ndani yake kadi ya kliniki. Saratani. Mihuri ya mwaka mzima.

Mwaka mzima, na mimi nakubishia kuhusu maji. Ulikaa na kuushona mfuko huo ili mimi na mkeo tusijue. Ungeniambia ningefunga kazi mapema. Ningekusindikiza kwenye foleni ya kliniki, ningekaa nawe tu hapo hata kama hatuongei. Ulininyima hilo. Nimekukasirikia, Fundi, na nakupenda, na hasira ndiyo kubwa leo.

Kadi nilimpa Mama Rehema. Aliisoma akiwa amesimama, mkono mmoja ubavuni. Tangu msiba mkono huo hautoki ubavuni. Nikimuuliza, anasema, "Ni uchovu tu, mwanangu." Sauti hiyo naijua, niliizoea kwako.

Miche miwili inapona. Nimetoboa ndoo. Kila baada ya siku tatu nayaosha majani kwa chini, moja moja, kwa sababu mayai yanaendelea kuanguliwa hata ukidhani umemaliza. Majani yanayotoka sasa ni ya kijani.

Jumatatu nampeleka mkeo kliniki. Ameshaninunia, amesema nimekuwa na kiherehere. Anune tu. Nitaingia naye hadi ndani kwa daktari, na sitatoka mpaka nijue. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Pumzika, Fundi wangu. Koti limeshakwenda Morogoro. Ule mfuko niliufumua kwanza, na ilinichukua muda, kwa sababu uliushona vizuri.

Zuhura