Radhi Niliyokupokelea

Kwako Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichonieleza kimeshakuchoka na kwenda zake. Mimi sijambo, ila kukukosa kumenibana kama kiatu kidogo, natembea nacho hivyo hivyo. Nakuita Mkubwa kwa heshima, ingawa sote tunajua ulinitangulia kwa dakika kumi tu, ukazitumia kunitawala utoto mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikimtaja mama kwenye simu, unakata. Karatasi huwezi kuikata kauli.

Kwanza nikupe habari za uso wangu. Lile kovu la mafuta ya moto, kutoka chini ya jicho la kushoto mpaka kwenye taya, nimekuwa nikilitibu tangu mwanzoni mwa mwaka. Najua unacheka. Ni mimi niliyekuwa nikisema asiyependa kovu langu atazame upande wa pili. Lakini kazi yangu ya mapokezi unaijua: miaka kumi na miwili watu wanaongea na shavu langu kabla hawajaongea na mimi. Nilichoka, pacha wangu. Mama sikumwambia, maana angeniuliza uso wangu umemkosea nani.

Daktari wa ngozi ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Aliniambia mapema kwamba kovu halifutiki kama chaki ubaoni, ila hulainishwa mpaka likapatana na ngozi jirani. Unapakwa dawa ya ganzi, unakaa nayo karibu saa nzima, unafunikwa macho, kisha mashine ya leza inapita juu ya kovu na kuacha harufu ya nywele zilizoungua. Halafu muuguzi ananitoa damu mkononi, anaitia kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, na ikitoka imejigawa: nyekundu chini, juu maji ya manjano. Hayo ya manjano yana chembe zinazosaidia ngozi kujijenga, naye ananirudishia shavuni kwa sindano, kidogo kidogo. Nilimwambia waliosema damu ni nzito kuliko maji hawakupata kuiona ikizungushwa. Alicheka mpaka daktari akamkazia macho.

Nimekwenda mara tano, mwezi kwa mwezi. Kila mara kabla ya kuanza hunipiga picha, kwenye kiti kilekile, nywele zimefungwa nyuma, bila kutabasamu. Mara ya tano muuguzi aliweka picha ya kwanza na ya mwisho pamoja kwenye kompyuta ili nione nilivyobadilika. Mimi nikakuona wewe. Nililia palepale, naye akadhani ni furaha, akanipongeza. Miaka saba sijakutia machoni, halafu nakukuta kwenye kompyuta ya watu, umenuna, huna hata salamu.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Miezi yote hiyo sikwenda kwa mama. Daktari alinikataza jua, na kutoka kituoni hadi kwa mjomba, anakokaa mama, ni mwendo mrefu usio na kivuli. Kwenye simu nilimwambia kazi zimenizidi. Mwezi uliopita nikaenda bila kutoa taarifa, nikamkuta chumbani kwake, amekaa kitandani anakunja nguo. Macho yake yamezidi ukungu, siku hizi hutambua watu kwa mkono. Nilimwamkia, akanishika shavu la kushoto kama anavyonishika siku zote. Vidole vikatafuta, vikasimama. Akaniuliza kama ni kweli nimerudi.

Nilitaka kumwambia ni mimi. Haki ya Mungu nilitaka. Lakini kabla sijafungua kinywa akaanza kulia, mama yuleyule ambaye tangu ulipoondoka, siku ya tatu baada ya kumzika baba, hakutaka hata utajwe mbele yake. Alisema maneno aliyokutupia mlangoni siku ile yalikuwa ya uchungu wa kufiwa, na yamemkaa kooni miaka saba. Alisema amekusamehe, nawe umsamehe. Akaniwekea mkono kichwani, akatoa radhi yake yote bila kubakiza. Nami nikajibu ahsante mama, nimerudi.

Hilo ndilo ninaloungama kwako. Nimepokea radhi yako nikiwa na uso wako. Nilidhani ni uongo wa siku moja, lakini nimekwenda tena mara mbili, na mara zote mbili nimekuwa wewe. Ananikumbusha vituko vyako vya utotoni. Ananiuliza kama huko nilikokuwa nilikuwa nakula vizuri. Nikimwambia ukweli leo nitamnyang'anya mtoto aliyemrudia, na sijui kama moyo wake utastahimili. Juzi aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Alisema yule mwenye kovu hakuwa akipitisha mwezi bila kuja kumwona, sasa amemtupa, akaniuliza kama najua yeye mama alimkosea nini. Mkono wake ulikuwa juu ya shavu langu, Mkubwa, na nilimkosa mama yangu nikiwa nimekaa mbele yake.

Mjomba anakusalimu sana. Mkewe naye anakusalimu. Wote wawili wanajua ni mimi, na wamenyamaza kwa kutuonea huruma. Wanao nao wabusu kwa niaba yangu, uwaambie mama yao mdogo sasa ana uso wa mama yao, achague kila mmoja jina la kuniita.

Sikuombi uje kwa ajili ya mama peke yake. Njoo uichukue radhi yako kwa mkono wako, ili siku hiyo nami nimwamkie, aniulize kwa nini nilipotea muda mrefu hivyo.

Ni mimi,
pacha wako