Dakika Tano za Mupando wa Fizi

Jumanne, 14 mwezi wa saba 1998

Saa kumi na mbili niko njiani, kama kila siku. Nimemukimbiza Wilondja mpaka kwenye daraja, kisha nimeona mugongo wake tu. Mugongo, mugongo! Mwaka wa pili huu. Mwalimu anayetufundisha mbio anasema nina pumzi nzuri. Pumzi itanisaidia nini? Kinga ya Wilondja ni baiskeli ya mashindano, nyekundu, nyepesi, iko na vitesse kumi za kubadilisha mulimani, mujomba wake aliitoa Bujumbura. Kinga yangu ni chuma cha kubebea samaki, niliing'oa tu kibebeo cha nyuma. Tena mi ndiye nilimufundisha kujificha upepo nyuma ya mwenzake. Anipe ile kinga siku moja tu. Batu watajua nani ni nani.

Jumapili, 19 mwezi wa saba

Tumepimwa. Kutoka daraja mpaka juu Fizi, mumoja mumoja, Mwalimu na saa yake. Wilondja dakika hamsini na mbili. Mi sitini na moja.

Nafasi ya kwenda Bukavu iko moja. Mwenye kufanya vizuri kule anaingia ekipe ya jimbo, kazi yake inakuwa kukimbia kinga tu. Hiyo kazi naiota tangu niko mutoto. Jina lililoandikwa ni lake.

Tuliposhuka Baraka bamama walitandika vikwembe vyao vya kujifunga barabarani, Wilondja apite juu. Na mama yangu mwenyewe! Kile cha kijani, nilichomununulia mi kwa Noeli. Alikitandika, akapiga vigelegele. Mi nilipita kando, kwenye vumbi. Sijamusemesha mpaka sasa.

Jumatano, 5 mwezi wa nane

Redio inasema vita imerudi. Ile ingine iliisha mwaka jana tu, hata hatujapumua. Mwalimu ametuita: hakuna Bukavu tena, hakuna mbio. Wilondja alikaa chini kwenye majani, mikono kichwani. Nilimwambia pole sana ndugu yangu.

Ndani nilikuwa na furaha. Naandika vile iko. Batu wanakufa na mi nafurahi. Mungu anisamehe, kama ana nafasi.

Jumamosi, 22 mwezi wa nane

Basoda wanakaribia na bunduki zao, na kila kinga wanayokutana nayo wanaichukua. Batu wanavuka ziwa kwenda Ubwari. Wilondja alikuja na bibi yake Furaha, mimba ya miezi nane. Mwenye mutumbwi alikataa kinga. "Chuma ao mutu, chagua!"

Wilondja akanishikisha usukani. "Asukulu, we ndiye unajua kuichunga. Ni maisha yangu hiyo."

Mi nabaki sababu ya mama, hataki kuacha shamba. Nilimuitikia Wilondja ndiyo, ndiyo. Nilitaka mutumbwi uondoke haraka.

Jumatatu, 24 mwezi wa nane

Nimeipanda. Mwalimu amekimbia pia, saa yake aliniachia. Ni wazimu, basoda wanaweza kutokea popote. Sikujali. Njia tupu. Upepo hakuna. Tairi zimejaa vizuri, na jana nilikula nikashiba.

Dakika hamsini na saba.

Nilikaa mbele ya kanisa la Fizi, nikaitazama ile saa mpaka macho yakauma. Haikukosea. Kumbe kinga ilikuwa inanipunguzia dakika nne tu. Zile tano zingine ni miguu yake. Miaka miwili namuambia kila mutu ni kinga, ni kinga. Nimeshuka polepole kama mutu anayetoka matangani.

Jumanne, 25 mwezi wa nane

Kuficha kinga kila mutu anajua: unaifungua, unaipaka mafuta ya mawese, unaipandisha ndani ya paa. Mi nimeizamisha kwenye dimbwi la mama la kulowekea mihogo. Kunanuka vibaya, hakuna soda hata mumoja atatia mukono pale. Hiyo ndiyo sababu nilijipa.

Lakini maji ya mihogo yanakula chuma. Mutoto yeyote wa huku anajua. Panga likisahauliwa mule wiki mbili, unalitupa. Nilijua. Nikaongeza mihogo juu.

Ijumaa, 4 mwezi wa tisa

Basoda wamefika. Kinga yangu wameichukua, na mbuzi. Mutu aliwaambia kuna ingine nyekundu. Walinilaza chini wakanipiga na vitako vya bunduki kwenye muguu wa kuume. Nilisikia mufupa. Sikusema.

Mama analia, anasema nampenda Wilondja kupita ndugu wa damu. Mapendo gani? Wivu ndio ulininyamazisha. Kama mi nimeshindwa na ile kinga, soda ataipanda kama nani?

Jumapili, 11 mwezi wa kumi

Wilondja amerudi kutoka Ubwari. Furaha amezaa mutoto muke, wako wazima. Tulienda dimbwini, mi na fimbo yangu. Alipoitoa, mnyororo ulikatika mukononi mwake. Magurudumu yameliwa, rangi imebambuka vipande vipande. Nilingoja anitukane.

Akaangalia muguu wangu, vile umepinda. Akalia. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kusema: "Asukulu alivunjwa muguu sababu yangu." Batu wanakuja kunishika mukono. Siwezi kuwaangalia.

Alhamisi, 15 mwezi wa kumi

Nimemuambia Wilondja. Yote mbili. Kwamba niliipanda, na kwamba maji nilijua.

Kisha akauliza: "Ulifanya ngapi?"

"Hamsini na saba."

"Pale kwenye kona ya majiwe, ulishusha vitesse?"

"Hapana."

"Ungeshusha, ungefanya hamsini na tano."

Habari ya maji ya mihogo hakusema kitu. Akasimama, akaenda kwake bila kuaga. Hata hamsini na tano, bado ni tatu nyuma yake. Nimehesabu kabla hajafika kwenye mulango. Mutu mubaya mi.

Jumapili, 18 mwezi wa kumi

Wilondja hajaonekana. Wanasema anabeba samaki kwa miguu, Baraka mpaka Fizi, kichwani.

Furaha amekuja, mutoto mugongoni. Analeta chakula kila siku sababu ya muguu wangu. Leo bukari ya unga wa mihogo na ndagala wadogo wa ziwani. Ameniita shemeji, akanishukuru tena. Hajui. Bwana yake hajamuambia, hajamuambia mutu yeyote.

Alingoja nimalize, achukue sahani. Nimekula yote.