Waya Mmoja wa Kompresa

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi ya besi saa tatu asubuhi, kama kawaida. Vidole vizito. Nyuzi nene zinamezwa, nyembamba zinapiga kelele. Zamani jambo hili halikunisumbua. Linanisumbua tangu Owuor aingie katika bendi yetu. Ni muuza samaki kutoka Port Victoria, hajui noti hata moja, na anapiga besi vizuri kuliko mimi. Nimeliandika. Sitalirudia.

Ana kompresa, kijisanduku cha kukanyaga kinachosawazisha sauti za nyuzi. Nami ninayo. Yake inaimba. Yangu inakaba.

Jumanne, 4 Machi
Nimeifungua yangu. Ilitengenezewa gitaa la kawaida. Sauti za chini huzizuia mlangoni. Nimetoa kapasita ya mlangoni, kile kipande kinachopitisha sauti, na kutia kubwa zaidi, kutoka redio mbovu. Nimeongeza kitufe cha kuchanganya sauti iliyobanwa na sauti halisi, ili pigo la kidole lisipotee. Nimelehemu mwenyewe, miwani juu ya miwani.

Ni bora. Bora sana. Nilifurahi hadi nikakumbuka ninafanya haya kwa sababu ya nani.

Jumatano, 5 Machi
Jumamosi tutapiga matangani, Sondu. Spika yetu ni ya zamani. Besi isiyosawazishwa huipasua. Siku hiyo atapiga besi mtu mmoja tu. Mama Akinyi, kiongozi wetu, alitusikiliza sote wawili.

"Mwalimu, leo besi yako imeshiba," aliniambia. Kisha: "Lakini Jumamosi Owuor apige."

Hakueleza. Miaka ishirini na miwili nimesimama kushoto kwa ngoma. Nina wivu. Neno ni hilo, silitafutii jingine.

Alhamisi, 6 Machi
Owuor alinijia na kompresa yake.

"Mwalimu, hii kitu imekufa. Mimi ni mtu ya samaki, najua tu kutoa matumbo."

Nilicheka, kwa bahati mbaya. Alipoondoka niliifungua. Waya mmoja umeng'oka. Kazi ya dakika mbili. Ndani hakuna kilichobadilishwa. Kapasita ni ileile ndogo ya kiwandani. Sauti ile ni ya vidole vyake, na hilo liliniuma kuliko yote.

Nilimpigia simu. Nilisema inahitaji kipuri, na kipuri kitachukua wiki.

"Sawa, Mwalimu. Basi piga wewe."

Angeweza kuazima yangu. Hakuomba. Nami sikumpa.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi. Besi imeshiba. Mimi sikula.

Jumamosi, 8 Machi
Sondu. Tulimkuta Owuor akibeba viti, kichwa kimenyolewa. Marehemu ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu utotoni. Nilijua hapo, kati ya wimbo wa kwanza na wa pili. Mama Akinyi alijua tangu mwanzo. Owuor ndiye aliyemkataza asiseme, hakutaka kupewa besi kwa huruma.

Nilivua besi, nikamnyooshea pamoja na kompresa yangu. Alikataa.

"Wamama wameshasimama, Mwalimu. Besi ikinyamaza sasa, nitaambiwa nimemnyima mama ngoma yake. Piga tu. Mimi nacheza."

Akacheza mbele yangu, jasho likimtiririka, akiniinulia kidole gumba kila nilipoteremka kwenye uzi mnene. Sijawahi kupiga vizuri hivyo. Sijawahi kujichukia hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelehemu waya wa Owuor. Dakika mbili. Kisha nimetoa kapasita kubwa katika kompresa yangu, nikaitia katika yake.

Alikuja saa nne. Nilimmiminia chai, kisha nikamweleza: ni waya tu, na nilijua tangu Alhamisi. Aliigeuza kompresa mkononi.

"Mwalimu," alisema, "ungeniomba, ningekuachia Jumamosi zingine zote."

Akaichukua, akaenda. Hakufunga mlango kwa nguvu.

Chai yake ilipoa mezani. Nimeinywa mimi.