Sauti Zilizo Nyuma ya Mama

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Zahanati.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Mgongo umepona, au bado unalala chini ya malori ya watu kwenye sakafu ya baridi? Mkeo na mapacha wazima? Sisi huku wazima, ila miguu yangu inavimba kwa kukanyaga cherehani, na kutunga uzi sasa naomba msaada. Simu yako wiki ya pili haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi hapo gereji.

Kidoti ametimiza miaka mitatu na nusu. Amerefuka, anakula kama fundi ujenzi, lakini kusema ndiko kulikokuwa na shida. Wenzake wanagombana kwa maneno, yeye ananyoosha kidole tu. Nikajifanya daktari. Unajua mama yake, kitinda mimba wetu, hututumia sauti kwenye simu kila Alhamisi kutoka kule kiwanda cha kufulia nguo anakofanya kazi na kulala. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Asubuhi namwekea mtoto sauti ya mama yake, mchana namwekea tena, mimi huku nashona. Nikajisifu kwa akili.

Na kweli akasema. Ila alisema kama mama yake, pamoja na kikohozi chake na kile kimya kabla ya "mwanangu". Wateja walicheka hadi machozi. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Mwalimu wa chekechea hakucheka. Anasema watoto wakipewa kitabu cha picha wanataja ng'ombe, ndoo, mpira. Kidoti anafunua ukurasa vizuri, anaweka kidole juu ya ng'ombe, anasoma: "Nimeshiba, mwanangu. Huku kuzuri." Ukurasa wa ndoo, hayohayo. Akiulizwa jina lake anangoja muulizaji amalize na azimwe kama simu.

"Mtoto anajifunza kuongea kwa kujibiwa, mama," mwalimu aliniambia. "Simu haimjibu. Akitaka maji, muulize ya baridi au ya moto. Hata upuuzi, ninyi ongeeni tu."

Basi nikafungia simu kabatini, nikaanza upuuzi wangu. Juzi Ijumaa mchana nilikuwa namwonyesha vifungo, hiki chekundu, hiki kimevunjika, naye akaanza. Kwanza kwa sauti nzito ya chini, si ya mama yake: "Sema umeshiba." Kisha ya mama yake: "Nimeshiba, mwanangu." Nzito: "Sema huku kuzuri." Ya mama: "Huku kuzuri." Nzito: "Cheka." Akacheka, mdogo wangu, kile kicheko cha kitinda mimba wetu, huku macho yake yako kwenye vifungo.

Nikafunga dirisha, nikatoa simu, nikaibana sikioni. Maneno yale yamo. Ni mwanamume, yuko mbali kidogo, katikati ya mngurumo wa mashine za kufulia. Miezi saba tumesikiliza huku cherehani inalia, tukichukua maneno ya mama na kuyaacha mengine. Mtoto bado hajajua kuchagua, amechukua yote. Nikarudia sauti za zamani, moja moja. Yumo kwenye kila moja. Kwenye ile ya mwezi uliopita anasema, "Usilie. Anza upya."

Naogopa, sikufichi. Jana imeingia nyingine, na wala haikuwa Alhamisi. Kitinda mimba anasema yuko salama, amehamishiwa kazi nyingine, tusipige wala tusije. Nyuma yake kimya kabisa, hata mashine hakuna. Sauti ni yake, ningeapa. Nikampa Kidoti. Akasikiliza mara mbili, akanirudishia simu, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nyembamba, yenye kukwaruza kidogo, yake mwenyewe:

"Mama mkubwa, huyu si mama."

Nikamuuliza ni nani basi, nikangoja jibu kama nilivyofundishwa. Alirudi kwenye vifungo vyake.

Nenda kiwandani, mdogo wangu. Kutoka kwako ni saa mbili tu kwa basi. Najua ulishafika mara moja ukaambiwa yuko zamu, ukaacha sabuni mlangoni ukarudi. Safari hii usitangulize simu, na usiende peke yako. Mchukue shemeji yako askari. Wakisema amehama, usibanduke. Wakikupa simu uongee naye, ikatae, siku hizi hata sauti inaigwa. Taka kumwona kwa macho.

Msalimie mkeo, wabusu mapacha, na umwambie mama mkwe wako gauni lake tayari, aache kunung'unika. Mungu akutangulie njiani na awarudishe mkiwa naye. Ukimpata, usimuulize kama ameshiba. Kaa naye tu, umwache aseme neno lolote, hata tusi, mradi limetoka kwake.

Dada yako anayekupenda na asiye na mwingine wa kumtuma,

Mama Mkubwa wa Kidoti