Sauti ya Brayson kibandani

Zuhura, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Leo nilikuwa kibanda umiza cha Bashiru, pale anapoonyesha video. Nilienda kumsikiliza kaka yangu.

Unaikumbuka ile filamu ya Kihindi isiyoeleweka, bwana harusi anaoa kabati? Brayson ndiye aliyeitafsiri, sauti yake juu ya picha. Kihindi chenyewe hakujua, maneno yote alitunga. Tangu tumzike, sauti yake imebaki humo tu. Nikasema nikairekodi kwa simu, niwe nayo.

Kumbe ina mashabiki! Wanakuja kila Jumapili, wamekariri kila neno.

Si unajua aliitafsiri akiwa tayari anaumwa? Kabati linaposema "Nifungue, mume wangu," Brayson anakohoa. Kibanda kizima kikakohoa naye. Kwa pamoja! Wanashika vifua, wanacheka, wanagonga mabenchi. Wanakohoa, Zuhura. Kile kikohozi chake.

Nikamfuata Bashiru mlangoni. "Huyo ni marehemu kaka yangu."

"Pole sana, dada. Ila hapo ndipo wanapopapenda. Nikipaondoa, hawaji tena."

Nikarudi kukaa. Jamaa wa benchi la mbele akageuka. "Dada, mbona umenuna kama mama mchungaji? Kohoa na wewe, bure hiyo!"

Wakacheka wote. Nikaendelea kurekodi.

Nimefika nyumbani, nimesikiliza nilichorekodi. Maneno ya Brayson hayasikiki hata moja, wamemfunika. Ni kukohoa tu.

Kuna kikohozi kimoja kinafanana na chake. Nimekirudia na kukirudia. Sijui kama ni yeye au ni yule jamaa wa mbele.