Nilimwajiri Mzee Akae Kwenye Kiti, Sasa Ruiru Wanamtaka Awe Fundi Mkuu

Mpendwa Tata Wakonyo, shangazi yetu wa gazetini, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana ikifika Jumatatu sijapata jibu lako nitakuwa nimejimaliza mwenyewe, na ukitaka kunicheka, nicheke, lakini ukimaliza unijibu.

Mimi ni makanika wa magari, nina miaka thelathini na mmoja, kazi hii niliisomea na cheti ninacho, nimekitia kwenye fremu nikakitundika ukutani, na miaka miwili iliyopita nilifungua gereji yangu hapa Makongeni, Thika. Shida ilikuwa moja. Mteja anaingia, ananiona nimevaa ovaroli, grisi imenifika viwikoni, spana iko mkononi, halafu ananiuliza, "Sasa madam, fundi ako wapi?" Nikimwambia fundi ni mimi anacheka kidogo, anaangalia nyuma yangu kana kwamba nimeficha mwanaume kwenye pipa la oili, anasema atarudi kesho, kisha namwona akivuka barabara kuingia gereji ya Kyengo, ambaye namjua vizuri kwa sababu tulisoma darasa moja na mitihani yote alikopi kwangu.

Basi nikachoka, nikafanya jambo ambalo hadi leo sijamwambia mtu. Nikamwajiri jirani yangu, Mzee Gathogo, aliyestaafu kazi ya kulinda geti la shule. Kuhusu magari hajui chochote, hata baiskeli hana, lakini ana mvi, ana kitambi cha heshima na sauti nzito. Nikamnunulia koti la bluu na kiti cha plastiki, nikamkalisha mlangoni. Kazi yake ilikuwa kufumba macho injini ikinguruma, kusema "Mmm", halafu kuniambia, "Carolyne, fungua." Mimi nafungua, naangalia, natengeneza, yeye anapokea shukrani.

Tata, wateja walijaa! Wanatoka Juja, wanatoka Ruiru, wanasema Thika kuna guka, babu mwenye masikio ya ajabu, anasikia ugonjwa wa gari likiwa bado barabarani. Mwanzoni nilifurahi, kazi si ilikuwa yangu, lakini siku zilivyoenda nikaanza kuumia. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na kagari kekundu, kila akikata kona kanalia kama mbuzi, nikalala chini yake saa tatu nzima, nikatoka na matope hadi kwenye nyusi, kagari kakanyamaza kabisa, na yule mama akaenda kumshika guka mikono yote miwili akimwombea baraka, halafu akanigeukia mimi: "Na wewe msichana, umekaa tu hapo? Si umletee mzee chai!" Nikaleta. Nilikoroga ile sukari nikilia.

Na guka naye amebadilika, siku hizi anajiamini kweli. Juzi nilimwambia gari la mteja limeisha breki, akafumba macho, akasema, "Hapana, Carolyne. Mimi nasikia ni plagi." Nikamwambia, "Guka, hiyo gari imezimwa." Akasema, "Ndio maana nasikia vizuri."

Sasa wiki jana wakaja watu wa kampuni moja ya Ruiru inayosambaza maziwa, wana malori kumi na manne na wanatafuta mkuu wa gereji yao. Wakampa guka kazi hapo hapo, nami wakaniambia nikitaka naweza kwenda naye niwe msaidizi wake, kwa nusu ya mshahara wake, "kwa vile umeshamzoea mzee." Guka amekubali, ameshashonesha suti. Jumatatu ameitwa akasikilize lori moja lililowashinda, ndipo atie sahihi. Nikienda naye nitatengeneza malori ya watu hadi nizeeke nikiitwa msichana wa chai. Nikimwacha aende peke yake, malori yale yataingia barabarani bila breki, na dhambi itakuwa yangu. Nikisema ukweli, wateja watajua niliwadanganya, watahamia wote kwa Kyengo, na mimi sina kingine ila gereji hii. Nifanye nini?

Carolyne Wayua, Makongeni

*

Carolyne wangu,

Nimekucheka kama ulivyoniruhusu, hadi mhariri akaja kuuliza kama niko sawa. Sasa nimemaliza.

Pole, mama. Ni uchungu kufanya kazi kwa mikono yako halafu asante iende kwa mtu mwingine. Lakini lazima nikugombeze. Mtu aliuliza fundi ako wapi, na badala ya kumjibu leo na kesho hadi achoke kuuliza, wewe ukaenda kununua koti la bluu! Gari zote ulizotengeneza umezitia jina la Gathogo, kisha unashangaa jina la Gathogo limefika Ruiru. Na hao wa Ruiru wasidhani wamepona. Mtu anayeajiri mkuu wa gereji bila kuangalia ni mikono ya nani iliyo na grisi, sijui hata maziwa anayanunuaje.

Unaogopa kusema ukweli? Umeshausema. Umeandikia gazeti, ukataja jina lako, jina la jirani, mtaa na kiti, na hukuniomba nifiche hata moja. Nadhani ulishaamua, ulikuwa unataka tu mtu wa kukusukuma.

Haya, nakusukuma. Jumatatu nenda Ruiru na ovaroli yako, na cheti ukibebe na fremu yake. Lori likiwashwa, mpe guka spana kwa heshima, mwambie, "Guka, leo fungua wewe." Kisha tafuta kiti, ukae, ufumbe macho, useme "Mmm". Atakwama kwenye boneti. Hapo inuka, tengeneza lori, halafu utaje mshahara wa mkuu wa gereji, wote, si nusu. Wakikataa, rudi nyumbani kwako Makongeni, wabaki na suti.

Gereji yako usiifunge, na guka usimfukuze. Ana sauti na watu wanampenda, basi apokee wateja. Akiulizwa fundi ako wapi, akuonyeshe wewe kwa kidole. Siku atakayosema anasikia plagi, mnyang'anye koti.

Na wateja? Wengine watahama, sikudanganyi. Mmoja hahami. Kale kagari kekundu ni kangu, Carolyne. Aliyekutuma chai ni mimi. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye ukurasa huu nikiwaambia wanawake wasikubali kudharauliwa, na siku hiyo nilikuona umejaa matope hadi kwenye nyusi, nikadhani umekaa tu. Nimeona haya, na nimetaka isomwe na kila mtu kwamba nimeona haya.

Jumanne asubuhi nitakuja, kagari sasa kanakataa gia ya pili. Guka akifumba macho nitampita nije moja kwa moja kwako, niulize kwa sauti ya kusikika hadi kwa Kyengo kama fundi ako tayari. Nitakuja na chai kwenye thamosi. Sukari nitakuwa nimeshaikoroga.

Tata Wakonyo