Kocha amedhaniwa mchumba

Jolie wa Buffalo, nina hasira kweli!

Kocha Emrys, yule mzee wa mvi aliyekuwa winga wa timu ya taifa ya raga ya Wales, amekuja nyumbani kuniombea ruhusa ya kwenda majaribio ya raga kule Columbus Jumamosi. Kaja na wanaume wawili na kreti ya Fanta. Kreti, Jolie! Wazee wakaona ni posa.

Akawasimulia mechi zake zote, mpaka goti lilipomstaafisha. Baba mdogo akauliza, "Bon, kwa goti hilo atalima?"

Atalima! Hapa Louisville!

Ndugu yangu Elisée akawaeleza ni mchezo tu. Baba mdogo akafoka, "Asiyeoa ampeleke binti yetu wapi?"

Mimi, nisiyefungua mdomo mbele ya wazee, nikasema, "Nitaenda."

Mama ameficha viatu vyangu. Nitacheza pekupeku.